Na Kuaga Nako ni Kazi



Naomba nafasi katika kitabu chetu cha mwaka huu niseme jambo lililonikaa moyoni tangu Idi iliyopita. Wale mliokuwapo siku ile nyumbani kwangu hapa Leicester mtalikumbuka, na najua baadhi yenu mlirudi makwenu mkisema kwamba Mzee siku hizi amekuwa mkali. Huenda. Lakini nimefundisha hesabu miaka thelathini na zaidi, na siwezi kuona hesabu imeachwa nusu nikanyamaza.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wetu mmoja, binti wa mpwa wangu, alikuwa amerudi karibuni kutoka pwani ya Kenya, alikokwenda kujitolea kufundisha katika skuli ya msingi kwa muda wa wiki nane. Tulipokwisha kula akatoa simu yake akatuonyesha siku yake ya mwisho. Tukaona keki, tukaona watoto wamepangwa mistari wanaimba, wasichana wadogo wamemshika mikono na nguo wanalia, na yeye mwenyewe analia. Wanawake wa upande wa pili wakaja kutazama, nao wakafuta macho. Kila mtu akasema mashaallah, mtoto huyu ana moyo. Na kweli ana moyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu, namjua. Nikamwuliza, "Mwanangu, lile darasa lako sasa analo nani?"

Akasema, "Sijui, Babu."

"Uliwaachia wapi?"

Akafikiri. Akasema walikuwa wameanza sehemu, nusu na robo, lakini hakuwa na hakika kama yuko mwalimu aliyeandika mahali popote kwamba wamefika hapo.

"Na walipokuuliza kama utarudi, uliwajibu nini?"

"Niliwaambia nitarudi, inshaallah."

Hapo mama yake akaleta chai, vikombe vikagongana kwenye sinia kuliko ilivyo desturi yake, na mazungumzo yakageuzwa. Sikumwuliza ili kumfedhehesha. Nilimwuliza kwa kuwa maswali hayo matatu mimi mwenyewe nimeyafeli, na nimewaona wakubwa kuliko yeye wakiyafeli, na katika makala yote tunayoandika humu kuwasifu vijana wetu wanaokwenda kujitolea sijapata kusoma hata moja iliyotaja namna ya kuondoka. Tunaandika nauli, chanjo, vyandarua na picha za kufika. Kuondoka tunakufanya ni sherehe.

Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1973, katika skuli moja ya sekondari huko kwetu pwani, skuli zetu zilitegemea sana walimu wa kujitolea kwa hesabu na sayansi. Wamarekani walikuja kwa njia ya Peace Corps, iliyoundwa na Rais Kennedy mwaka 1961, na Waingereza walikuja kwa njia ya VSO, iliyoanza mwaka 1958 kwa kuwapeleka nje vijana wa miaka kumi na minane waliokuwa wametoka skuli juzi. Mtu wa Peace Corps hupewa miezi 27, mitatu ya kujifunza na 24 ya kazi, na hilo hulijua tangu kwao. Basi tangu asili hii ni kazi ya watu wanaoijua siku yao ya kuondoka kabla hawajaijua njia ya kwenda sokoni. Silisemi kwa ubaya. Ndivyo kazi ilivyo. Ila anayeijua siku hiyo ni yeye. Watoto walioko mbele yake hawaijui.

Mwalimu wetu alikuja Septemba mwaka huo huo. Jina lake silitaji. Alikuwa kijana mrefu wa Kiingereza, mwenye baiskeli na kaptura, na alitufundisha jiometri uwanjani kwa kamba na vigingi, hata wale waliokuwa wazito wakaelewa kwa nini pembe tatu za pembetatu hazitoki katika 180. Mpaka leo sijaona aliyemshinda. Agosti 1975 muda wake ukamalizika. Sisi tulikuwa kidato cha tatu. Tukachangishwa shilingi mbili mbili kwa soda na zawadi. Mama yangu alikuwa akiuza mahamri, hamri moja senti kumi, kwa hivyo zile shilingi mbili zilikuwa mahamri ishirini, na namkumbuka alivyofungua fundo la leso akazihesabu bila ya kusema neno. Siku ilipofika tulisoma mashairi, mwalimu mkuu akahutubu, mgeni wetu akavishwa kofia ya mkono, naye akasimama kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika akasema, "Nitarudi." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mimi nilimsadiki. Mwenzangu wa dawati moja naye alimsadiki, na muhula wa tatu tulipokosa mwalimu wa hesabu tukaambiana hapana neno, atakuja Januari. Januari akaja mtu mwingine. Akatuuliza tumefika wapi, na darasa la watu thelathini na watano likatoa majibu thelathini na matano. Hakukuta daftari, hakukuta mpango wa masomo, hakukuta hata karatasi moja ya majaribio yetu. Akaona salama yake ni kuanza tangu mwanzo. Novemba 1976 tuliingia kwenye mtihani wa kidato cha nne hatujagusa fungu la mwisho la mafunzo. Yule mwenzangu alitaka kuwa mhandisi wa meli. Akaishia karani wa bandari. Sitasema kwamba ni kwa ajili ya mwalimu mmoja kuondoka vibaya, maana mambo ya mtu huwa na sababu nyingi. Nasema tu kwamba sherehe ile sote tuliikumbuka, na hakuna hata mmoja, mkubwa wala mdogo, aliyekumbuka kumwomba daftari.

Mwaka 1994, wakati huo mimi mwenyewe nafundisha hapa Uingereza, nilimpata kwa barua nikapanda treni kwenda kumwona. Alifurahi sana. Mkewe alitupikia, na ile kofia ilikuwa ndani ya kabati la kioo. Skuli aliikumbuka, uwanja aliukumbuka, jina langu hakulikumbuka. Nilipomkumbusha lile neno alinyamaza kitambo, kisha akaniambia kwamba siku alipolisema alilikusudia, lakini pia alilisema kwa kuwa ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama na hakuwa na neno jingine la kuwapa. Nikamsamehe pale pale. Sikujua kwamba mimi nitakuja kufanya vibaya kuliko yeye.

Nilistaafu mwaka 2019 nikiwa na miaka sitini. Jumuiya moja ya hisani ya hapa ikanipeleka Pemba, kwenye skuli ya sekondari karibu na Wete, nifundishe hesabu mwaka mzima kuanzia Januari 2020. Najua wako watakaosema kwamba mtu wa Mombasa kwenda Pemba ni kuvuka ng'ambo ya mlango, si kujitolea ugenini. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofika uhamiaji na paspoti yangu ya Kiingereza, nikaombewa kibali cha ukaazi cha daraja C kama mtu wa kujitolea mwingine yeyote. Watoto wakaniita Maalim. Walikicheka Kimvita changu, na mimi nikakicheka Kipemba chao. Nilikuwa mgeni mwenye lugha, na huyo ndiye mgeni wa hatari, kwa sababu watu husahau kwamba mfukoni ana tiketi ya kurudi. Na yeye mwenyewe husahau.

Machi ya mwaka ule hamna haja ya kusimuliwa. Katikati ya mwezi skuli zikafungwa kwa sababu ya korona na watoto wakaenda makwao. Tarehe 23 Serikali ya Uingereza ikawataka raia wake waliokuwa safarini warejee, na mashirika ya ndege yakawa yanasimama moja baada ya jingine. Wenye kunipeleka wakanipigia simu usiku: kesho ondoka. Mwezi huo huo Peace Corps waliwaondoa watu wao wote duniani, kiasi cha 7,000 katika nchi zaidi ya 60, jambo ambalo halikupata kutokea tangu waanze. Kwa hivyo sikuwa peke yangu, wala sikuwa na hila.

Lakini nilikuwa na usiku mmoja mzima, na niliutumia kupanga mizigo. Mwalimu mkuu alikaa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sikwenda kumgongea. Nilijiambia kwamba ni maradhi, watu wasikaribiane. Ukweli ni kwamba niliona haya kusema naondoka wakati wenyeji hawana pa kuondokea. Simu nilikuwa nayo pia, na namba za wanafunzi watatu au wanne walio wakubwa nilikuwa nazo. Sikuandika hata mstari. Alfajiri nikapanda gari kwenda Mkoani kwenye boti, na aliyeniaga ni mama mwenye nyumba peke yake, aliyenifungia mkate wa kumimina ndani ya gazeti kwa ajili ya njiani.

Nilipofungua sanduku hapa Leicester, chini ya mashati nikakuta daftari la alama. Alama za watoto 41 wa kidato cha tatu, majaribio yote ya miezi mitatu. Huko kazi za darasani huhesabiwa pamoja na mtihani wa taifa, si mchezo. Nikapiga picha kila ukurasa nikampelekea mwalimu mkuu kwa simu. Akanijibu kwa adabu: "Ahsante Maalim, tulikuwa tunalitafuta." Afadhali angenitukana.

Nilirudi Januari 2023, kwa gharama yangu, nikapokewa kama kwamba hapakuwa na lolote. Wiki ya kwanza nikaingia duka la fotokopi mjini Wete, na msichana aliyekuwa kwenye mashine akaniamkia. Alikuwa mmoja wa wale 41, amemaliza mwaka 2021. Tukaulizana habari, nani yuko wapi, nani kaolewa, nani kavuka kwenda Unguja. Kisha akasema, huku anapanga karatasi wala hanitazami, "Maalim, sisi tulidhani umetukasirikia."

Nikamwuliza kwa lipi.

Akanikumbusha kwamba wiki ya mwisho kabla ya skuli kufungwa niliwapa jaribio la milinganyo, wakafanya vibaya, nami nikatupa chaki mezani nikasema sijui nafundisha nini. Mimi sikukumbuka kabisa. Mwalimu husema neno kama hilo mara mia katika umri wake. Kwao lilikuwa neno langu la mwisho. Skuli ilipofunguliwa tena Maalim hayupo, hakuna barua, hakuna salamu, na wao hawakulihusisha jambo hilo na korona wala na ndege. Walilihusisha na lile jaribio. Mvulana aliyepata alama ndogo kuliko wote alitaniwa mwaka mzima kwamba yeye ndiye aliyemfukuza Maalim. Nikauliza yuko wapi. Akasema aliacha skuli kidato cha nne, yuko baharini na baba yake.

Nilimtafuta kijana huyo, nikampata, nikamwomba radhi. Alikuwa akitengeneza wavu. Alicheka, akasema, "Mambo ya zamani hayo, Maalim." Alikuwa na miaka ishirini.

Nimeyaweka wazi haya mbele ya jamaa wote, na watoto wangu wakiwamo, ili mjue kwamba ninaposema juu ya kuaga sisemi kutoka juu ya mimbari. Mtoto aliyeachwa bila ya kuelezwa hujieleza mwenyewe, na maelezo yake aghalabu humtia yeye kosani.

Sasa nirudi kwenye lugha yetu, kwa sababu nadhani dawa tulikuwa nayo tukaiacha bandarini. Sisi tuna maneno mawili. Tuna kwaheri ya kuonana, nayo huambiwa mtu ambaye tunatumaini kumwona tena. Na tuna buriani. Vijana wetu neno hili wanalijua kwenye matangazo ya vifo tu, lakini wazee walikuwa "wakitakana buriani" wakiwa hai na wazima, kila mmoja akimfungua mwenzake: nilichokukosea nisamehe, ulichonikosea nimekusamehe, deni langu ni hili, amana yako hii hapa. Bibi yangu, baba alipokuwa akijitayarisha kwa safari ya Hija, alimzungusha nyumba kwa nyumba siku tatu kabla. Hakwenda kuonyesha kwamba anasafiri. Alikwenda kulipa na kuomba radhi. Nakumbuka alilipa hata senti za sukari ambazo mwenye duka mwenyewe alikuwa amezisahau. Chuoni nako, mtoto aliyekhitimu hakuwa akitoka hivi hivi. Alikwenda na mzazi wake kwa mwalimu, akambusu mkono, akamwomba radhi, ndipo akaenda zake. Hakuna aliyepiga makofi. Shughuli yenyewe ilikuwa haichukui robo saa.

Tabu inaanza pale mtu anapomwambia kwaheri ya kuonana yule ambaye anajua, au angelijua kama angefikiri kidogo, kwamba hataonana naye tena. Yule mwalimu wetu wa 1975 alitoa kwaheri ya kuonana mahali pa buriani. Mjukuu wangu naye amefanya hivyo hivyo, na kwa kuongeza inshaallah, ambayo sisi tumeigeuza kuwa njia ya kusema hapana kwa upole. Mtoto wa miaka minane hasikii hapana ndani yake. Anasikia nitarudi.

Mwaka 2023 nilijaribu kufanya inavyotakiwa, na sitaki mdhani kwamba ilikuwa nzuri ya kutazamwa. Tarehe ya kuondoka niliiandika Januari katika ukurasa wa kwanza wa daftari la darasa, na nikaifunga baada ya karatasi za hesabu za mtihani wa kidato cha nne, mwezi wa Novemba, si kabla. Jumuiya zinazopeleka watu hupenda kufuata likizo za huku. Likizo za huku hazina uhusiano wowote na mitihani ya Pemba. Tangu Septemba kijana mmoja aliyekuwa achukue kidato cha tatu alikaa nyuma ya darasa, kisha akawa anafundisha mimi nikikaa nyuma, na ukweli ni kwamba wiki zile zilinichoma. Watoto walimpenda upesi. Siku moja nilinyanyua mkono kumsaidia jambo, na msichana wa mbele akaniambia, "Maalim, ngoja, hajamaliza." Nilikwenda nyumbani nikiwa nimenuna, mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza nimeumwa na nini.

Mwezi mmoja kabla waliniuliza lile swali. "Maalim, utarudi?" Nikasema, "Sidhani. Nina miaka sitini na minne na magoti yangu yameanza kudai." Kukawa kimya, kimya kibaya, na nikatamani sana kuongeza neno la kukivunja. Kisha mvulana mmoja wa pembeni akauliza, "Basi ile bikari kubwa ya ubaoni utatuachia?" Nikaiacha. Ndiyo iliyokuwa hotuba yangu.

Michango niliikataa. Walimu wakasema si adabu mgeni kuondoka mikono mitupu, nami nikasema basi pilau nitanunua mimi, tukavutana, mwisho mchele ulikuwa wangu na nyama yao. Wazazi hawakukubali kuzuiliwa. Mmoja alileta mkeka wa ukindu, uko ukutani kwangu na mmeuona. Mmoja alileta kuku hai, ambaye British Airways wasingemfurahia, akabaki na mama mwenye nyumba. Mwingine akanipa karafuu katika ncha ya kanga, kiasi cha pilau moja mbili tu, maana karafuu za Pemba huuzwa kwa shirika la serikali, na mstaafu kukamatwa bandarini kwa magendo si mwisho mwema. Niliupokea kila mkono. Nimefikia kuona kwamba kukataa kila kitu nako ni kiburi: ni kusema mimi ndiye mwenye kutoa hapa, nyinyi mwataka kunilipa nini? Ninalolipinga ni kuchangisha, pale mama mmoja anafungua fundo la leso kwa sababu orodha ina jina la mwanawe.

Usiku wa mwisho mama mwenye nyumba aliniambia, "Hii si kwaheri ya kuonana, Maalim. Mie mtu mzima na wewe mtu mzima." Tukatakana buriani barazani, yeye kwa vikombe alivyonisingizia kuvunja na mimi kwa kodi ya mwezi wa Machi 2020 ambayo sikuwa nimeilipa na yeye hakuwa amenidai. Nikamlipa. Akaipokea, akaihesabu.

Yuko rafiki yangu mmoja, muuguzi mstaafu, mtu wa busara kunishinda, ambaye nimebishana naye juu ya haya tangu mwaka jana. Yeye anasema kwaheri ndefu ni kuwatesa watoto. Bora mtu aondoke kimya, watoto husahau upesi, na anayetaka kulia na kuliwa anajitafutia mwenyewe utamu. Sehemu ya mwisho nakubaliana naye moja kwa moja. Machozi kwenye simu ya mjukuu wangu yalikuwa ya kweli, lakini nani aliyekuwa ameishika ile simu, na kwa nini mtoto anayelia apigwe picha ionyeshwe kwa watu asiowajua katika nchi asiyoijua? Tungekubali wa kwetu afanyiwe hivyo katika skuli za Leicester? Mwalimu angefukuzwa kazi. Kwamba watoto husahau upesi, hapo namwambia aende duka la fotokopi.

Na muda wenyewe mfupi mno. Wiki nane si muda wa kumkabidhi mtu darasa. Kijana wa wiki nane na awe msaidizi wa mwalimu aliyepo, amsahihishie madaftari, awasikilize watoto wanaosoma kwa tabu, ili siku akiondoka darasa libaki na mwenyewe. Kwa nyumba za mayatima nasema waziwazi: msiwapeleke watoto wenu huko kabisa kwa wiki chache. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja haifai kuachwa tena kila baada ya wiki nane na mgeni mpya mwenye pipi. Si maneno yangu peke yangu. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake juu ya haki za mtoto, lilizitaka nchi zizuie madhara yatokanayo na kujitolea katika nyumba hizo.

Juu ya simu, siku hizi mtu hapotei kama alivyopotea mwalimu wetu. Msichana wa Wete huniletea salamu kila Idi, na yule mwalimu kijana huniuliza hesabu za kidato cha nne usiku wa manane, kwa sababu anasahau tofauti ya saa. Ni neema. Lakini nimeona vijana wetu wakitoa namba kwa darasa zima, kisha baada ya miezi miwili wanazima, wamechoka. Huko ni kuaga mara mbili, na mara ya pili bila ya kusema. Afadhali mtoe ahadi moja ndogo, kitabu kimoja, barua moja kwa mwalimu mkuu, na itimie kabla ya siku arubaini.

Mjukuu wangu, nikwambie na wewe humu humu kwa kuwa nilikuuliza mbele za watu: najua kwamba tangu siku ile umeandika barua kwa mwalimu mkuu wa skuli uliyokuwapo, ukaeleza mlifikia wapi katika sehemu, na ukasema kwamba mwaka huu hutaweza kurudi kwa sababu ya masomo. Mama yako aliniambia, na chai siku hiyo ilikuja taratibu. Barua ilijibiwa, na uniletee niione.

Nimesikia kwamba msimu wa joto ujao wako vijana wanne wa jamaa zetu wanaotaka kwenda, wawili Lamu, mmoja Unguja na mmoja Mtwara. Wazazi wao wanajua nyumbani kwangu. Niko kila Jumapili baada ya Alasiri. Waje na tarehe zao za kurudi, na kila mmoja aje na daftari tupu.